Maisha ya David Livingstone na Somo la Ufukweni Ujiji

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa la nne katika shule moja iliyo karibu na Ziwa Tanganyika. Mwanachuo tuliyekuwa tukimkagua alikuwa amelichora ziwa ubaoni kwa chaki ya buluu, akaonyesha kwa mishale mito iingiayo na mto utokao, akaandika urefu wa ziwa na kina chake. Kazi ile ilikuwa safi. Madirisha ya darasa yalikuwa wazi, na ziwa lenyewe lilionekana likimeremeta nyuma ya paa za nyumba, lakini hakuna aliyeligeukia. Katikati ya somo mtoto mmoja alisimama akauliza kwa nini mwaka ule maji yalikuwa yamefika kwenye shina la mwembe wa bibi yake. Mwanachuo alimjibu kwamba hilo halikuwamo katika somo la siku ile, akamtaka aketi. Nasi, kwa aibu yetu, tulimpa mwanachuo yule alama nzuri, wala katika mazungumzo yetu naye baada ya kipindi hatukulitaja swali la mtoto.

Tangu hapo swali lile limetusumbua. Lilituzidi zaidi tulipoyasoma tena maisha ya David Livingstone, mtu ambaye kila mtoto wa Kigoma hulijua jina lake kwa sababu ya kumbukumbu iliyoko Ujiji. Hapa hatukusudii kumsifu kuwa alilivumbua ziwa letu, kwa maana wavuvi wa ziwa hili walilijua kabla babu zake hawajazaliwa. Wala hatutairudia ile salamu mashuhuri ya Stanley ambayo wageni huja kuisikia. Tunamtazama kama mwanafunzi tu: mtoto aliyejifunza nje ya darasa, akakua akiendelea kujifunza vivyo hivyo, akakosea, akarudi kutazama mara ya pili. Makosa yake hutufaa walimu kuliko sifa zake.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre huko Uskoti, kando ya mto Clyde. Wazazi wake walikuwa maskini, na familia nzima iliishi katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alipotimiza miaka 10 aliingizwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika mashineni. Kazi ilianza saa 12 asubuhi ikaisha saa 2 usiku. Baada ya hapo alikwenda shule ya usiku hadi saa 4, na kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alizoea kukiegemeza kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja moja kila alipopita mbele yake. Wakufunzi wengi hupenda kuwasimulia wanachuo habari hii ili kuwahimiza kusoma kwa bidii, na si vibaya. Lakini ipo sehemu nyingine ya utoto wake ambayo husimuliwa kwa nadra.

Siku za mapumziko, ambazo zilikuwa chache, Livingstone na ndugu zake walizunguka mashambani na vilimani wakikusanya mimea. Alikuwa amepata kitabu kimoja cha zamani cha mitishamba, akawa anakwenda nacho porini ili kulinganisha majani yaliyochorwa na majani yaliyoota. Tunaomba mwanachuo azingatie mpango huo: kitabu kilitoka nje pamoja na mtoto, na jani ndilo lililokihukumu kitabu. Katika matembezi hayo walifika kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, na ndani ya mawe wakaona makombe ya wanyama wa baharini yaliyogeuka jiwe. Bahari ilikuwa mbali. Mtoto alimwendea mchimbaji mmoja aliyekuwa kazini, akamwuliza makombe hayo yalifikaje ndani ya mwamba. Mchimbaji alimtazama kwa huruma, akamwambia kwamba Mungu alipoyaumba mawe ndipo alipoyaumba na makombe yaliyomo ndani yake.

Livingstone alilikumbuka jibu hilo maisha yake yote, akaliandika katika kitabu chake baada ya kuwa mtu mashuhuri. Mchimbaji yule hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mwalimu. Alitaka tu kurudi kwenye kazi yake. Tofauti yake na mwanachuo wetu wa darasa la nne ni kwamba mwanachuo alikuwa amepewa mafunzo ya ualimu, na sisi tulikuwa tumempa.

Baba yake alikuwa mtu wa dini asiyevipenda vitabu vya sayansi, akidhani vingemtoa mwanawe katika imani, na hata fimbo ilitumika. Kijana hakuachana na dini wala na sayansi. Mwaka 1836 alikwenda Glasgow kusomea udaktari, huku akirudi kiwandani wakati wa likizo kutafuta karo. Mwaka 1840 alihitimu, akapelekwa Afrika ya Kusini kama mmisionari.

Miaka iliyofuata twaweza kuipita upesi. Alikaa miongoni mwa Wakwena katika nchi ambayo sasa ni Botswana, akamwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari, ambaye ndiye hasa aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo katika nyumba ile. Katika vituo walivyoishi Mary aliendesha shule ya watoto, huku akilea wa kwake na kufanya kazi zote za nyumbani. Vitabu vingi vya maisha ya mumewe humtaja kwa mistari michache, na sisi tunaona kwamba hajatendewa haki. Alifariki mwaka 1862 kwenye bonde la Zambezi.

Lipo jambo moja la miaka hiyo ambalo yafaa kulikawilia. Mwezi Novemba 1855 Livingstone alipelekwa na wenyeji kwa mtumbwi hadi kwenye maporomoko ambayo Wakololo waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi ungurumao. Alichungulia kutoka kisiwa kilichoko ukingoni, akakadiria kwa macho kwamba maji yalianguka kiasi cha futi 100. Katika kisiwa hicho alipanda kokwa za matunda na mbegu za kahawa ili aone kama unyevu ule ungeziotesha. Mwaka 1860 alirudi. Safari hii alilala kifudifudi juu ya mwamba, akateremsha kamba yenye uzito, akaona kwamba maji huanguka zaidi ya futi 300. Makadirio ya kwanza yalikuwa yamepungua mara tatu. Hakuificha tofauti hiyo. Ni vema mtoto wa darasa la tatu anayekadiria urefu wa mnazi kwa macho, kisha akaupima kwa kivuli na kijiti, aambiwe kwamba watu wazima mashuhuri nao wamekosea hivyo.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, akitokea Unguja na kupandia mto Ruvuma, akiwa na kundi la watu ambao kati yao wanaojulikana zaidi ni Chuma na Susi. Alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Mwanzoni mwa 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, na kuanzia hapo homa ilimshika pasipo kinga. Aliona ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika mwaka huo, kisha Ziwa Mweru, na mwaka 1868 Ziwa Bangweulu. Machi 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa mahututi, amebebwa, na akakuta kwamba sehemu kubwa ya mali aliyotumiwa kutoka pwani imekwisha ibwa.

Ujiji ya wakati huo ilikuwa mji wa biashara wa Waarabu na Waswahili. Pembe za ndovu na watumwa vilivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, na soko lilikusanya Waha, Wajiji, Wavira, Warundi na Wamanyema. Livingstone aliichukia biashara ya watumwa, lakini ni kweli pia kwamba mara nyingi alikula na kusafiri kwa hisani ya wafanyabiashara hao hao. Ni kweli vilevile kwamba habari alizoziandika zilitumika baadaye kuwafungulia njia watawala wa kigeni. Mwalimu asiyaondoe mambo haya anapomsimulia mtoto maisha yake.

Sasa tufike ufukweni, maana hapa ndipo somo letu lilipo.

Alipopata nafuu, Livingstone alikuwa akitembea kando ya maji na kutazama. Aliona mambo mawili. La kwanza, majani yaeleayo yalipita mbele ya Ujiji yakielekea kaskazini. Alihesabu mwendo wake, akahitimisha kwamba ziwa zima linatiririka polepole kuelekea kaskazini, na kwamba huenda likaungana na Nile. La pili, aliambiwa na wazee kwamba maji yalikuwa yameingia nchi kavu kiasi cha maili moja upande wa Ujiji. Mahali ambapo watu waliokuwa hai wakati ule walikumbuka kuwa ni mashamba, sasa palikuwa chini ya maji yenye kina cha kama pima mbili. Aliiandika habari hiyo kwa uangalifu. Lakini alipotafuta sababu yake, aliilinganisha na mito mikubwa ambayo hula ukingo mmoja, akasema kwamba ziwa nalo linakula ukingo wa mashariki.

Yote mawili aliyoyaona yalikuwa kweli, na yote mawili aliyafasiri vibaya. Majani yale yalisukumwa na upepo. Wavuvi wetu wanajua vema kwamba wakati wa kiangazi upepo wa kusini huyaelekeza maji ya juu upande wa kaskazini, na upepo ukigeuka nayo hugeuka. Na maji yaliyofunika mashamba hayakuwa yakila ukingo mmoja tu: ziwa zima lilikuwa likipanda, kwa sababu mlango wake wa kutokea, mto Lukuga ulioko upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Mito iliendelea kuingia na mvua kunyesha, lakini maji hayakuwa na pa kutokea. Mwaka 1874 Cameron aliufikia mlango wa Lukuga. Mwaka 1876 Stanley aliporudi Ujiji aliona mwenyewe kwamba maji yalikuwa yamepanda kuliko alivyoyaacha. Kiasi cha mwaka 1878 kizuizi kilisombwa, maji yakafoka kuelekea Lualaba, na katika miaka ipatayo 15 iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10.

Mwaka huo huo wa 1869, akivuka kuelekea magharibi, Livingstone alipima kina mbele ya mlima Kabogo. Alishusha bildi hadi pima 326, yaani karibu mita 600. Kamba ilikatika ilipokuwa ikivutwa juu, kwa hiyo hakuiona ile ncha ya risasi ambayo ingeleta mchanga au tope la chini. Aliandika pima zake, akaandika pia kwamba hakuiona ncha hiyo. Twajua leo kwamba ziwa hili hufika kina cha mita 1,470 hivi, na duniani linapitwa na Baikal peke yake. Twawaomba wanachuo wanaofundisha sayansi waisome tena habari hiyo ya kamba iliyokatika kabla hawajawaruhusu watoto kujaza jedwali la vipimo ambavyo hawakuvipima.

Kutoka hapo alikaa Manyema zaidi ya miaka miwili. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, na wino ulipokwisha alitumia maji ya mmea wa porini. (Mwalimu anayelalamika kwamba hana manila wala kalamu za rangi asije akatuletea malalamiko hayo kabla hajaujaribu udongo mwekundu wa Kasulu.) Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula, na mamia wakafa, wengine kwa kuzama mtoni. Alirudi Ujiji amevunjika moyo, akakuta mali yake imeuzwa tena. Muda mfupi baadaye, mwishoni mwa 1871, Stanley aliwasili.

Wengi hudhani kwamba habari ya Ujiji huishia hapo. Kwetu sisi jambo kubwa ni lile walilolifanya mara baadaye. Swali la mto Rusizi lilikuwa bado. Je, mto ule uliomo kaskazini mwa ziwa unaingia ziwani au unatoka? Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba unaingia, lakini hawakuufikia. Burton aliporudi kwao akaanza kudhani kwamba huenda unatoka. Pale Ujiji wafanyabiashara walitoa habari zinazopingana. Livingstone mwenyewe, kwa ajili ya majani yake yaeleayo, alitumaini kwamba unatoka. Basi wakaazima mtumbwi uliochongwa katika gogo la mvule, wakaajiri wapiga makasia, wakafuata ufuko wa mashariki kupitia Urundi, wakilala mchangani, hadi wakafika kwenye matete ya mlango wa Rusizi. Waliyaona maji yakiingia ziwani. Yalikuja kwa nguvu, yakiwa na rangi ya udongo. Mwenyeji wa Uvira aliyesema hivyo tangu 1858 alikuwa sahihi.

Livingstone alikubali. Matumaini yake ya miaka miwili kuhusu ziwa yalianguka kwa kutazama kwa asubuhi moja, naye hakubishana na mto. Ila alibaki na tumaini jingine, kwamba Lualaba ndio mwanzo wa Nile, na hilo hakupata nafasi ya kulirudia. Aliagana na Stanley karibu na Tabora mwaka 1872, akaelekea kusini. Tarehe 1 Mei 1873, kwa hesabu iliyozoeleka, alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi iliyo Zambia leo. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874 pamoja na madaftari yake yote. Bila wao tusingekuwa na pima 326 wala majani yaeleayo. Miaka mitatu baadaye Stanley aliufuata mto Lualaba akatokea kwenye bahari ya Atlantiki: ulikuwa mto Kongo. Na maji ya Ujiji, yakipita Lukuga, huingia humo humo.

Tumerudi mara nyingi kwenye kumbukumbu ya Ujiji tukiwa na wanachuo, na sasa hatuanzi kwa kuwasomea jiwe. Pale pana miembe ambayo inasemekana ni uzao wa ule uliokuwapo wakati wa Livingstone. Ukisimama chini yake, ufuko uko mbali, na huna budi kutembea dakika kadhaa kuufikia. Swali letu la kwanza ni hilo: kama alikaa karibu na maji, maji yalikwenda wapi? Mkufunzi akishauliza, anyamaze. Watoto wa Ujiji hujibu mengi, mengine ya kuchekesha, na mara kwa mara mmoja wao hutaja maneno ya babu yake kuhusu mahali mitumbwi ilipofungwa zamani. Jibu hilo laandikwa kwanza, pamoja na jina la mzee, ili darasa likamwulize mwenyewe.

Siku ya pili darasa huenda ufukweni lenyewe. Kila kundi huchomeka mti uliotiwa alama kila baada ya sentimita 10, mahali penye maji ya magotini, na kuandika tarehe. Kwa kawaida ziwa hujaa kufikia mwezi Mei, masika inapokwisha, na hushuka hadi mwezi Novemba hivi, kwa hiyo mti ule ni kazi ya mwaka mzima, haufai kung'olewa kipindi kinapokwisha. Kundi jingine hutupa maganda ya miwa majini na kutazama yanakokwenda, wakiandika na upepo unakotoka. Wataandika kama Livingstone kwamba ziwa linatiririka. Mwalimu asiwasahihishe siku hiyo. Awarudishe upepo ukigeuka.

Katika miaka ya 2020 hadi 2024 ziwa lilipanda tena sana, likafunika nyumba, bustani na sehemu za bandari kuanzia Bujumbura na Uvira hadi kwetu Kigoma. Watoto wengi wa ufukweni waliyaona hayo, na baadhi walihama. Wanapouliza, hawaulizi kwa udadisi tu. Mwalimu awasikilize kwa heshima, asiwatishe, wala asiwaahidi kwamba maji hayatarudi.

Yako mambo ya usalama ambayo hatutayarefusha. Pawe na watu wazima wawili kwa kila darasa, mmoja wao mvuvi anayepajua mahali, kwa sababu mamba wapo na ufuko una mashimo. Mtoto asipite magoti. Mwalimu mkuu na wazazi wapewe habari mapema, na maandalio ya somo yaonyeshe mahali pa kwenda endapo upepo utachafuka.

Mwanachuo tuliyemkagua siku ile sasa ni mwalimu katika kijiji kingine cha ziwani. Mwaka jana alitutumia karatasi moja ya daftari la mtoto, yenye vipimo vya maji kuanzia Machi hadi Oktoba. Wiki tatu zimeachwa wazi, na pembeni mtoto ameandika kwamba wiki hizo mti ulikuwa umeangushwa na ng'ombe.